Mpishi wa Pilau Aliyeamriwa Kukumbatia Tikiti

Mamarasul Egamberdi,
Mpishi wa Pilau (sijastaafu, msisikilize watu),
Mtaa wa Chinorli,
Margilan.

Kwa Daktari Mkuu,
Zahanati ya Mtaa.

Ndugu Daktari Mkuu,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA MTAALAMU WA MAZOEZI, AU KUONDOLEWA MAZOEZI YENYEWE, AU VYOTE VIWILI

Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri na chai yako iko karibu. Mimi naiandika nimesimama. Nimekatazwa kukaa muda mrefu, na aliyenikataza ni mwajiriwa wako, Bi Shahlo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ndiye sababu ya mimi kushika kalamu.

Sina haja ya kujitambulisha sana, kwa sababu pilau yangu umeshaila. Ulikuja kwenye harusi ya mdogo wako alfajiri, saa ya pilau, ukaomba uongezewe, ukaongezewa, na ukachagua mwenyewe kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo. Sikusimangi, nakukumbusha tu kwamba tunafahamiana.

Mgongo wangu uliumia wakati miti ya matunda ilipochanua, kwenye harusi ya mtoto wa muuza nyama. Yamesemwa mengi kuhusu siku ile. Imesemwa kwamba nilinyanyua sufuria peke yangu kwa majivuno. Huo ni uzushi. Nilinyanyua peke yangu kwa sababu wasaidizi walichelewa, na wasaidizi walichelewa kwa sababu sikuwaita. Mgongo ukalia kama kuni kavu, nikabaki nimeinama pale pale, na watu wakadhani naonja chumvi.

Sasa lililo zito. Binti yangu wa mwisho, Zulayho, anaolewa zabibu zikishavunwa. Nimewapikia pilau ya harusi mabinti wa mtaa huu wote, wazuri kwa wabaya, wakiwemo waliorudi kwao kabla sufuria halijakauka. Nisipoweza kumpikia wangu, pilau itapikwa na Kuchkor. Kuchkor ni jirani yangu, mpishi wa mtaa wa pili, mtu anayetia zabibu kavu kwenye pilau kwa ukarimu mpaka mgeni hajui kama yuko harusini au kwenye duka la peremende. Tangu niumie hupita kila asubuhi na kuniambia, "Pumzika, kaka, wala usijali, mimi si nipo?" Maneno hayo yananiuma kuliko mgongo.

Kwa heshima na taadhima, nayapanga malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Sikupewa dawa.

Nilifika kwenu nimepinda kama mundu, nikitarajia sindano, ikiwezekana mbili. Bi Shahlo, ambaye kwa umri ni binti yangu kabisa, akaanza kunihoji. Maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi popote? Haja ndogo inatoka kama kawaida? Nikamwambia hayo ni mambo yangu na Mungu wangu. Akajibu bila kuinua macho, "Mungu anajua tayari, baba. Mimi ndiye sijui."

Nilipomjibu, na nilimjibu kwa sauti ndogo sana, aliniambia nina bahati, kilichoumia ni msuli, mshipa wa fahamu wa mguuni haukuguswa. Akanilaza chini. "Vuta pumzi. Sasa bana tumbo taratibu, kiuno kiguse sakafu. Achia. Tena." Nikafanya. Nikauliza sindano iko wapi. Akasema, "Hakuna sindano, baba. Dawa ni wewe na sakafu."

Sakafu ninayo nyumbani, Ndugu Daktari. Niliikuta humo nilipozaliwa. Sikuhitaji kuja zahanati kuonyeshwa sakafu.

2. Zoezi la kunyanyua nyonga limenizika nikiwa hai.

Zoezi hili mtu hulala chali, hukunja magoti, kisha huinua makalio juu, akatulia hapo na kushuka polepole. Nililifanyia kwenye kitanda chetu cha uani, maana ndani kuna joto. Jirani mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akichuma matunda alinichungulia ukutani. Akadhani nakata roho. Alishuka.

Haikufika adhuhuri, uani kwangu kumejaa. Watu wamekuja na mikate ya moto, supu, na nyuso za msibani. Mama mmoja aliponiona nimelala akafunika mdomo kwa ushungi: "Jamani, alikuwa mtu mwema!" Nikamjibu kutoka kitandani, "Nipo, mama." Akasema, "Usijichoshe kwa maneno, baba."

Mtu akija kumwona mgonjwa haondoki bila kula, hilo unalijua. Mke wangu, Oysuluv, alipika tangu mchana mpaka magharibi, na mimi nikala na kila kundi ili lisijisikie vibaya. Zoezi lililokusudiwa kunipunguzia maumivu limeniongezea tumbo. Naomba lihesabiwe kama madhara ya dawa.

3. Zoezi la kusimama na kukaa limeharibu itifaki ya familia.

Bi Shahlo aliitega simu yangu ilie mara kadhaa kwa siku. "Ukikaa sana msuli unalala, baba. Ikilia, simama, kaa, mara kumi, bila kushika meza. Ukisikia maumivu yanashuka mguuni, acha hapo hapo unipigie." Hakuuliza ikilia nitakuwa na nani.

Nilikuwa na wakwe. Walikuwa wamekuja kupanga siku ya harusi: baba wa bwana harusi, ndugu zake, na shangazi mtu, Bi Hosiyat, mwanamke mwenye goti bovu ambaye aliingizwa ndani kwa kushikwa huku na huku. Chai imemiminwa, mkate umemegwa, pilau iko jikoni bado imefunikwa. Simu ikalia.

Nikasimama. Na wewe ni mtu wa Margilan, unajua kitakachofuata. Mkubwa wa nyumba akisimama, nani atabaki amekaa? Wakasimama wote, na Bi Hosiyat akavutwa juu na wapwa zake. Baba wa bwana harusi, akidhani nafunga shughuli, akafungua viganja, akasema "Amina," wote wakapangusa nyuso. Nikakaa. Wakakaa, wakitazamana. Nikasimama. Wakasimama. "Amina," akasema tena, safari hii kwa kunong'ona, kama mtu asiyejua dua aliyoitikia ni ipi. Tulifunga shughuli ile mara kumi, Ndugu Daktari, na pilau haijaletwa.

Hakuna aliyethubutu kuniuliza, maana mkubwa haulizwi. Mwisho Bi Hosiyat, akihema, akamgeukia mke wangu: "Dada, kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Oysuluv hakupepesa jicho. "Mgeni wa heshima tunamsimamia mara moja," akasema. "Nyinyi tumewaona ni wa heshima zaidi."

Waliondoka wamefurahi mno. Juzi nilipokwenda kwao, ukoo mzima ulininyanyukia mara kumi, na nikalazimika kutulia kitini nikiwatazama, kwa sababu simu yangu ilikuwa haijalia.

4. Nimeamriwa kutembea bila kwenda popote.

"Tembea, baba, kila siku, mwendo wa kawaida." Nikamuuliza niende wapi. Akasema, popote. Mtaalamu huyu amesomea wapi? Katika mtaa wetu hakuna mahali panapoitwa popote. Kila mlango una mtu, na kila mtu ana swali, na kila swali lina chai nyuma yake. Mkono unaweka kifuani, unainamisha kichwa, unauliza habari za watoto, za ng'ombe, za paa linalovuja, na hapo hujafika nyumba ya pili. Ukikataa chai, umeitukana nyumba. Basi angalau unamega mkate. Nimekusudia kufika mfereji wa maji tangu nianze tiba, na mpaka naandika sijauona.

Hilo ningelistahimili. Lakini mzee anayetembea peke yake kila siku bila kapu wala jembe, na akiulizwa anakokwenda anasema "Natembea tu," watu watamfikiriaje? Ilisemwa nimefukuzwa na mke. Kisha ikasemwa natafuta mke wa pili. Kamati ya mtaa ikaja nyumbani kutusuluhisha, wazee wanne na mama mshauri wa ndoa, wote wamevaa nguo za Ijumaa.

Oysuluv akawakaribisha. "Mmekuja kutupatanisha? Basi ngojeni kwanza tugombane, msije mkapoteza safari." Akanigeukia pale pale: "Haya, mzee. Nani alikuambia ukinywa chai kwa watu usirudi na habari yoyote?" Tukagombana kidogo, tukapatanishwa, wakala, wakaondoka. Tangu siku hiyo Oysuluv hutembea nami mwenyewe, na naona ananiacha nyuma.

5. Tikiti.

Hapa naomba uweke chai chini kwanza.

Mimi nimebeba masufuria ambayo ng'ombe angeyakwepa. Bi Shahlo aliponiambia wakati umefika wa kuanza kunyanyua vitu, nilikunja mikono ya shati. Nikauliza, "Nianze na gunia la mchele?" Akasema, "Anza na tikiti, baba. Dogo. Wiki ijayo kubwa kidogo. Haba na haba. Kunja magoti, usikunje kiuno. Mzigo uwe karibu na kifua kama mtoto mchanga. Tazama mbele, usitazame chini. Na usizungushe kiuno ukiwa umebeba, geuka na miguu."

Kwa kuwa mimi ni mtu wa utii, nilikwenda sokoni. Nikachuchumaa mbele ya fungu la matikiti, nikalikumbatia moja dogo, nikatazama mbele, nikanyanyuka taratibu huku nikipumua kama nilivyofundishwa. Muuzaji alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "tikiti hupigwa kidole ukasikiliza. Halikumbatiwi. Au mmefahamiana siku nyingi?" Soko zima likaangua kicheko.

Na aliyekuwa amesimama nyuma yangu, na kapu lake la karoti, ni nani? Kuchkor. Hakucheka. Alinishika mkono akaniambia, "Kaka, kama ulitaka tikiti, si ungenituma?" Afadhali angecheka.

6. Maradhi haya yanaambukiza.

Sisemi maradhi ya mgongo. Nasema mazoezi. Kwenye nyumba ya chai mimi ndiye mkubwa kwa umri, kwa hiyo simu yangu ikilia wanasimama wote, wacheza domino na wapiga porojo, tena wengine wanahesabu kwa sauti. Vijana wakibeba magunia wanapigiana kelele, "Magoti, wewe! Magoti!" Mtoto wa muuza nyama anakumbatia mapaja ya kondoo.

Bi Hosiyat, kwa kusimamishwa kila tunapokutana, sasa anapanda ngazi bila kushikwa. Watu wanasema ni jambo la kushukuru. Mimi nasema tazameni matokeo yake. Zamani alikuwa mkwe wa kuja sikukuu kwa sikukuu. Sasa anakuja kwa miguu yake kila anapotaka, na anataka sana. Hukaa jikoni kwangu akimweleza Oysuluv mchele unavyooshwa. Mchele! Jikoni kwangu!

7. Sufuria.

Wiki iliyopita Bi Shahlo alikuja mwenyewe nyumbani. Alilizunguka sufuria langu kubwa kama mnunuzi wa farasi, akaligonga, akajaribu masikio yake. Kisha akatoa hukumu: "Utapika, baba. Utakoroga, lakini mguu mmoja uuweke juu ya tofali, na mkono ubadilishe kila ukichoka. Kulinyanyua ni la watu wanne. Peke yako, kamwe. Si mwaka huu, si mwakani."

Nikamwambia mpishi asiyenyanyua sufuria lake ni mshona kofia asiye na kichwa. Akaniuliza maana yake ni nini. Sikuwa na maana, nilikuwa na hasira.

"Na hao wanne ni akina nani?" nikauliza.

"Wanao wawili, na wewe. Wa nne amejitolea. Jirani yako, mzee Kuchkor."

Hapo, Ndugu Daktari, maji yalinifika shingoni. Nitasema wazi kwa sababu barua hii ni ya siri kati yangu na wewe na karani wako na yeyote atakayesomewa na karani wako. Naogopa. Naogopa kwamba alfajiri ile watu watasimama uani kwangu na kuona Kuchkor ameshika sikio la sufuria langu, na watasema Mamarasul kwisha kazi. Zulayho ni wa mwisho. Baada yake hakuna tena harusi ya binti katika nyumba hii. Nilitaka anikumbuke nikiwa nimesimama na sufuria mikononi kama alivyoniona tangu utoto wake, si nikihesabiwa "moja, mbili, tatu" kama piano inayohamishwa.

Kwa hoja hizo, naomba yafuatayo:

(a) Bi Shahlo ahamishiwe wilaya ya mbali, ikiwezekana yenye watu wavivu, atakakokuwa na kazi ya kutosha.

(b) Nipewe cheti chenye muhuri kwamba mgongo wangu umepona kabisa tangu tarehe mtakayoona inafaa, kabla ya harusi.

(c) Kama (b) haiwezekani, Kuchkor apewe cheti kwamba yeye ndiye mgonjwa.

(d) Zahanati itangaze rasmi kwamba mzee akisimama kwa sababu za kitabibu, wengine wanaruhusiwa kubaki wamekaa. Bi Hosiyat aarifiwe kwa barua yake peke yake.

Mimi si mtu wa kulalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana nimeyaweka yote mezani. Uamuzi ni wako, na najua utatumia busara ile ile uliyotumia kuchagua kipande cha mafuta ya mkia.

Msalimie mkeo, mama mzazi, mdogo wako na mkewe kama bado wanaelewana, muuguzi wa mlangoni anayeita majina vibaya, na mlinzi mwenye kikohozi. Oysuluv anakusalimu na anasema usiniamini.

Wako katika maumivu yanayopungua bila ridhaa yangu,

Mamarasul Egamberdi

T.B. Barua hii haikutumwa kwa wakati. Oysuluv alipewa aipeleke, akaisoma, akasema itasubiri mpaka hasira iive. Harusi imepita, ilikuwa Alhamisi.

Kabla ya kupambazuka wanangu walisimama upande mmoja wa sufuria, mimi na Kuchkor upande wa pili. Ni Kuchkor aliyenisemesha: "Magoti, kaka. Tazama mbele." Nikatazama mbele. Ndugu Daktari, miaka yote nilipolinyanyua sufuria hilo peke yangu nilikuwa natazama chini, nione nisikanyage makaa. Safari hii niliinua macho, nikamwona Zulayho amesimama dirishani na ushungi wake, viganja vyote viwili mdomoni, hapumui. Alikuwa haangalii sufuria. Alikuwa ananiangalia mimi. Nadhani alikuwa akisimama pale kila mara, tangu mdogo, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa anaogopa.

Sufuria likapanda juu kama vile si kitu. Nikamwona binti yangu anashusha mikono na kucheka, na mimi nikalia mbele ya mtaa mzima, nikasingizia vitunguu, ingawa vitunguu vilikuwa vimekaangwa zamani. Pilau ilitoka punje punje. Kuchkor alikula kwanza sahani moja, halafu nyingine, akasema labda ni kweli haihitaji zabibu.

Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yangu kama yaliyoandikwa na mtu mwingine. Naomba pia nibakishiwe zamu yangu ya Jumanne kwa Bi Shahlo, kwa maana Kuchkor naye bega linamsumbua na nasikia anataka kupenya mbele yangu.

Na kama mmeshampangia Bi Shahlo kituo kingine, nijulisheni ni wapi. Kutembea sasa naweza.